Taa Zikizimika, Funga Mlango

Umeme ulikatika saa ile ya watu wengi, wafanyakazi wanapotoka kazini na kila mmoja anakumbuka ghafla kwamba nyumbani hakuna mkate. Supamaketi nzima ikawa giza totoro. Hapo mlinzi wa mlangoni, mzee ambaye mtaa mzima unamwita Tochi, akafanya jambo ambalo mpaka leo hawezi kulisimulia bila kwanza kujishika kichwa. Alivuta milango yote miwili, akaibamiza, akashusha komeo, akaupa mlango mgongo, akawasha tochi yake na kutangaza kwa sauti ya kazini:

"Kaeni! Kaeni kwenye viti, picha inaanza!"

Tumhurumie kidogo kabla hatujamcheka. Jengo lile, kabla ya kujazwa sabuni na unga, lilikuwa sinema ya mtaa, na Tochi alikuwa mtu wake wa mlangoni tangu ujana hadi mvi zilipoanza kumchungulia masikioni. Kazi yake ilikuwa kuchana tikiti na kuwamulikia watu njia hadi kwenye viti vyao. Mwenye sinema, mtu mkali asiyependa maneno mengi, alimpa sheria moja tu: taa zikizimika, funga mlango. Giza likiingia ndiyo picha imeanza, na mlango ukibaki wazi, wasiolipa nao wanapenya. Tochi aliishika sheria ile mpaka ikamwingia mifupani. Baadaye sinema ilikufa, jengo likauzwa, kuta zikapakwa rangi ya kijani, lakini hakuna aliyeipelekea mifupa yake habari.

Ndani watu hawakukaa. Wangekaa wapi, juu ya madebe ya mafuta? Walipiga mayowe. Mmoja alilia kwamba wamevamiwa, mwingine akamwita mama yake, na vigari vya kubebea bidhaa vikagongana kama mbuzi. Bibi kizee mmoja tu mwenye mkongojo ndiye aliyejiketisha kwa utulivu juu ya gunia la mchele, akauliza, "Leo wanaonyesha nini?"

Naye Tochi, Mungu amsamehe, akamjibu, "Ya mapigano, bibi. Utaipenda."

Jenereta iliponguruma na taa kurudi, zilimkuta bado ametanda mlangoni, mikono ameitandaza kama anazuia mafuriko. Mbele yake, palipopangwa mayai, alikuwa ameketi mama mmoja mnene aliyevaa suti ya buluu. Chini yake kulikuwa na trei za mayai, au tuseme yaliyokuwa mayai. Huyo alikuwa mkaguzi kutoka makao makuu ya kampuni. Meneja alikuwa anamvuta mkono amwinue, huku ute ukimteleza kwenye viatu. Na kule kwenye kaunta, keshia mmoja kijana alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili.

Keshia yule alikuwa binti yake Tochi wa kumzaa mwenyewe. Pale kazini walikuwa wakijua hilo watu wawili tu: baba na binti.

Kampuni haikuruhusu ndugu kufanya kazi tawi moja. Binti ndiye aliyetangulia kuajiriwa. Baba yake alikuwa nyumbani bila kazi, anagombana na redio kutwa nzima, mpaka mama akasema mmoja kati ya hao wawili, redio au mzee, lazima atoke. Aliposikia wanatafuta mlinzi, binti alimwambia meneja kwamba anamjua mzee mmoja jirani, mwaminifu, hana shida na mtu. Tangu hapo, akivuka kizingiti cha supamaketi, baba akawa "mzee wa mlangoni" na binti akawa "dada wa kaunta". Jioni walitoka kila mmoja na njia yake, wakakutana kwenye kona ya fundi baiskeli, na hapo ndipo walipoanza tena kuwa ndugu.

*

"Uliwafungia?" mkewe aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamenya viazi.

"Niliwafungia."

"Na komeo ukashusha?"

"Nikashusha."

"Halafu ukawaambia wakae?"

Tochi aliweka tochi yake mezani. Mkewe aliweka kisu chini, akajishika mbavu, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa na kicheko cha kuanzia tumboni, na kikishaanza hakizuiliki. Kwa kawaida Tochi hupenda kukisikia, hata kikiwa juu yake yeye mwenyewe. Leo alitazama pembeni.

"Mama, usicheke," binti alisema. Alikuwa bado amesimama, mkoba begani, kama mtu ambaye hajaamua kama ameingia au anatoka. "Kesho mchana ameitwa ofisini. Na mimi nimeitwa, kwa sababu mimi ndiye niliyemdhamini."

Kicheko kikakatika.

"Unajua yule mkaguzi alifuata nini pale, baba? Alinifuata mimi. Wanatafuta msimamizi wa makeshia, na meneja alipeleka jina langu. Alikuwa anakuja kwenye kaunta yangu aone ninavyofanya kazi. Akaishia kwenye mayai."

"Mimi nilijuaje kwamba ni yeye?" Tochi alisema. "Gizani watu wote ni mamoja."

"Si suala la yeye! Suala ni kwamba ulifunga mlango! Moto ungewaka je? Watu wangetokea wapi?"

Hilo lilimkata maini, maana lilikuwa kweli na yeye hakuwa amelifikiria. Akafanya kile anachofanya siku zote akibanwa: akakimbilia kwenye picha.

"Mwanangu, usikate tamaa. Unakumbuka ile ya mtu aliyesingiziwa? Akapelekwa mbele ya hakimu, kila mtu anamnyooshea kidole, halafu akasimama akasema maneno yake, hakimu mwenyewe akatoa leso..."

"Baba."

"Akarudi kwao na mkate kwapani, mama yake yuko mlangoni..."

"Baba, ile picha niliitafuta kwenye simu nikaiona. Hakuna hakimu mle. Hakuna mkate. Yule mtu anaanguka na farasi anakufa, hata katikati hatujafika."

Mama ndiye aliyemalizia, huku ameokota kisu chake. "Huyu hajawahi kuona picha hata moja mpaka mwisho. Nani hajui? Kutwa kaipa mgongo, anawamulika wanaovuta sigara na wanaobusiana. Anasikia bunduki, anaona watu wanalia, basi, kinachobaki anakitunga."

"Wewe nilikumulikia kiti kizuri," Tochi alisema, akijaribu kujitetea kwa upande mwingine.

"Ulinikalisha nyuma ya nguzo."

"Ili usiwaone wanaume wengine."

"Ili nisione picha! Nilitazama nguzo jioni nzima. Sijui kwa nini nilirudi tena."

Walikuwa karibu kucheka wote wawili, lakini binti hakuwa pamoja nao. Alisogea mbele ya baba yake, akaongea taratibu, na utaratibu huo ndio uliomtisha mzee.

"Kesho tukiwa mle ndani, mimi ni jirani yako. Usije ukaniita mwanangu. Wakijua nilidanganya, si usimamizi tu, hata hiyo kaunta naikosa. Na kodi ya nyumba hii inatoka kwenye kaunta hiyo, unajua. Usinitazame hata kunitazama."

"Sawa, dada wa kaunta," Tochi alisema.

Aliona ni utani mzuri. Hakuna aliyecheka. Binti aliingia chumbani, akafunga mlango polepole, na mzee akabaki ameikodolea macho tochi yake mezani kana kwamba yeye ndiye aliyeletwa pale kwa bahati mbaya. Iliuma. Iliuma zaidi kwa kuwa hakuwa na wa kumlaumu.

*

Asubuhi alikwenda kumwona Operata. Huyu ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya picha katika sinema yao. Sasa ni fundi viatu. Anakaa kwenye baraza la jengo lililokuwa sinema nyingine, mahasimu wao wa zamani, ambalo siku hizi ni bohari la magodoro. Sinema ya tatu ya mji ule ilibomolewa, wakapafanya maegesho ya magari. Kila wakikutana, wazee hawa huanza kwa kuziombolezea zote tatu, kama watu wanaokumbuka marehemu wa ukoo.

"Zile zilikuwa sinema," Operata alisema, akitia uzi kwenye sindano. "Viti vya mahameli."

"Mahameli mekundu."

"Vilikuwa na kunguni, lakini."

"Kunguni wa mahameli," Tochi alisema.

Wakacheka. Wakakumbuka pazia lililotoboka, likatiwa kiraka, hata kila muigizaji aliyepita sehemu ile akaonekana ana jipu shavuni. Wakakumbuka mkanda ulivyokatika pale pale mapenzi yanapokolea, ukumbi mzima ukamgeukia Operata na kumtukania wazazi wake, maganda ya machungwa yakaruka hadi kwenye kidirisha chake. Wakakumbuka choo. Kuhusu choo walinyamaza kidogo, kwa heshima.

"Sasa ndiyo nini ulichokifanya jana?" Operata aliuliza. Habari zilikuwa zimemfikia kabla ya jua.

"Taa zilizimika."

"Ukafunga mlango." Operata alitikisa kichwa. "Ningekuwa mimi, pengine ningepanda juu kutafuta mkanda."

"Watanifukuza."

"Watakufukuza, ndiyo. Swali ni kama utaondoka peke yako au na mtoto." Aliweka kiatu chini. "Sikiliza. Ile ofisi ya meneja ni chumba changu cha mashine. Kidirisha bado kipo, anatuchungulia sote kutoka mle. Ukishaingia, neno sinema lisikutoke. Sema ulipata kizunguzungu. Kizunguzungu ni kitu cha maana, hata wakubwa wanakipata. Ukianza habari za sinema utaendelea mpaka utaje na jina la paka wetu."

"Paka alikuwa na akili sana yule."

"Unaona?"

Tochi alicheka, kisha akasema kitu ambacho hakuwa amepanga kusema. "Siku niliyopata kazi ya ulinzi pale, nilijiona nimerudi nyumbani. Nilikuwa nasimama mlangoni pale pale, ufa wangu wa sakafuni, niliousimamia miaka yote ya sinema, bado upo, naujua. Wateja wananiuliza sabuni iko wapi, nawaambia safu za nyuma, kule kwa wapenzi. Nikajiona mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba aliiuza akaenda zake," Operata alisema, bila ukali. "Hata kutuaga hakutuaga. Sisi ndio tunailinda mpaka leo, bure."

*

Ngazi za kupanda ofisini zilikuwa zile zile, nyembamba na zenye kona, na balbu yake iliungua zamani bila mtu wa kuijali. Tochi aliitoa tochi yake kwa mazoea, akamulika chini, mbele ya miguu ya binti yake.

"Izime," binti alinong'ona. "Majirani hawapandishani ngazi hivi."

Akawasha taa ya simu, akatangulia. Mzee akamfuata gizani, akihesabu vidato kwa nyayo, na kile kidato kilichovunjika pembe akakikumbuka kwa kujigonga ugoko.

Meneja alikuwa kijana mwembamba mwenye tai, na alionekana hajalala vizuri. Hakuwaambia wakae kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na yeye ndiye aliyekikalia.

"Mzee, nini kilitokea?"

"Kizunguzungu," Tochi alisema.

"Kizunguzungu kilikufanya ushushe komeo?"

"Kilikuwa kikali."

"Ulisema picha inaanza. Watu wote walikusikia. Mkaguzi ameniuliza mimi, picha gani? Nikakosa jibu."

Macho ya Tochi yaliwahi kidirisha kidogo ukutani, na nusura aseme kwamba mwanga ulikuwa ukitokea pale, una vumbi linalocheza ndani yake, mzuri ajabu. Akajikaza. Halafu yakamtoka tu, yote, kama alivyoonywa: sinema, sheria ya mwenye sinema, mifupa. Paka akamwacha nje, lakini kwa shida.

Meneja alisikiliza hadi mwisho. "Kumbe palikuwa sinema," alisema, akatazama kidirisha. "Mimi nilidhani ni tundu la hewa." Akasugua macho. "Mzee, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini watu walifungiwa ndani, na makao makuu wanataka jina la mtu. Nisipopeleka lako, watachukua langu. Nina watoto."

"Naelewa."

"Basi nikabidhi vitu vya kampuni."

Tochi alitoa filimbi. Akavua kofia. Alipofika kwenye koti la sare, mikono ikawa mizito, kwa sababu alijua kilichomo chini yake. Shati lake lilikuwa na kola safi na mbele pazuri; mgongo ulikuwa umechanika zamani, nao mkewe aliacha kuushona kwa kuwa koti lilikuwa linaufunika. Alilivua. Akarudi nyuma taratibu mpaka akaegemea ukuta, akasimama hapo kwa adabu kama picha iliyotundikwa. Mtu aliyeishi kwa kuipa sinema mgongo, alijiambia, leo hana hata mgongo wa kumpa mtu.

"Dada," meneja alimgeukia binti, "wewe ndiye uliyemdhamini. Unamjua vipi?"

"Ni jirani," Tochi aliwahi kujibu. "Anatuhurumia tu wazee. Hana kosa."

Binti alikuwa anatazama sakafu. Meneja akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu, akasema kwamba kwa upande wake hilo limekwisha, na kwamba mkaguzi atarudi wiki ijayo kuendelea na ile habari ya usimamizi. Tochi akashusha pumzi. Amefukuzwa na shati limechanika, lakini mtoto amepona. Katika picha zake zote hakuwahi kutunga mwisho mzuri kama huo.

"Na tochi," meneja alisema.

"Ndiyo?"

"Hiyo tochi. Ni ya kampuni pia, sivyo? Walinzi wanapewa tochi."

Ya kampuni waliyompa ilikufa mwezi wa kwanza, akaitupa. Hii ilikuwa ya kwake, ya bati, nzito, aliyotoka nayo sinema siku ya mwisho. Lakini kueleza hayo kungeleta maswali mengine, na maswali yangemfikia binti. Tochi aliishika kidogo. Kisha akanyoosha mkono. "Chukua, bwana."

Meneja aliipokea, akafungua droo, akaiweka ndani kando ya kalamu na chupa ya gundi.

"Hiyo si ya duka."

Sauti ilikuwa ya binti. Tochi alimkata jicho, lakini binti hakuwa akimtazama yeye.

"Hiyo si ya duka," alirudia. "Ukiitazama pembeni utaona imebonyea. Niliibonyeza mimi, nilikuwa darasa la pili, niliigongea msumari. Umeme ukikatika nyumbani nilisomea kwa hiyo tochi, yeye ameishika mpaka mkono unatetemeka. Kila mtihani niliofaulu ni wa hiyo tochi. Naomba umrudishie."

"Usimsikilize," Tochi alisema haraka. "Jirani huyu, ana huruma kupita kiasi, alikuwa anakuja kusomea kwetu..."

"Ni baba yangu," binti alisema. "Nilikudanganya. Ni baba yangu mzazi."

Chini kulisikika mashine za kaunta zikilia tu-tu-tu. Meneja aliwatazama, mmoja, kisha mwingine, kisha wa kwanza tena.

"Pua," alisema mwishowe. "Siku zote nilikuwa najiuliza hiyo pua nimeiona wapi."

Hakuna aliyecheka, ingawa kwa siku nyingine Tochi angecheka.

"Unajua usimamizi siwezi kukupa tena," meneja alimwambia binti. "Hata kaunta, sijui makao makuu watasemaje. Itabidi niwaandikie."

"Andika."

"Nitaandika kwamba umesema mwenyewe. Sijui kama itasaidia." Alifungua droo, akaitoa tochi, akaizungusha hadi akaona palipobonyea. Akampa mzee kwa mikono miwili.

*

Juu ya ngazi binti alisimama. Simu alikuwa nayo mkononi, akaitumbukiza kwenye mkoba, akaufunga. Alivua sweta lake, akamtupia baba yake mabegani kufunika ule mgongo.

"Umeharibu kila kitu," Tochi alisema. Sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Tulikuwa tumeshamaliza. Wewe mtoto una akili kweli? Kwa ajili ya tochi!"

"Nimulikie," binti alisema.

"Kodi je? Mama yako je?"

"Sioni, baba. Nimulikie."

Akaiwasha. Betri zilikuwa zimechoka. Akaipiga kwa kiganja, ikatoa mwanga wa manjano. Akashuka kinyumenyume, kama alivyokuwa akishuka na wateja wake, uso kwao, mwanga miguuni mwao na si machoni kamwe. Binti akaweka mguu palipokuwa na mwanga, kidato baada ya kidato.

"Hapo pamevunjika. Kanyaga kushoto."

"Najua. Nimekusikia ukijigonga."

Walifika kwenye kona. "Hii utamsimulia mama vipi?" binti aliuliza, na Tochi akasikia kwamba amelia, au anataka kulia.

Akafikiri. "Nitamwambia meneja alitoa leso."

"Na mkate?"

"Mkate tutaununua hapo chini, tuwe nao kwapani."

"Atajua ni uongo."

"Atajua. Kwani lini hakujua?"

Kwa kuwa alikuwa anashuka kinyumenyume, hakuuona mlango wa chini. Aliugonga kwa kisogo, ukafunguka wenyewe, naye akatokea supamaketi mgongo mbele, kisweta cha kike mabegani, tochi inawaka mchana kweupe. Makeshia wote wakageuka. Wateja kwenye foleni wakageuka. Na yule bibi kizee wa jana alikuwepo pia, na mkongojo wake.

Binti yake akatoka nyuma yake, akamwekea sweta vizuri, na kwa sauti ambayo hata walio kule kwenye sabuni waliisikia, akasema:

"Baba, nisubiri hapo mlangoni. Namalizia kaunta yangu, halafu tunakwenda nyumbani pamoja."

Tochi akaenda kusimama juu ya ufa wake. Safari hii mlango aliuacha wazi.